Kompyuta Mpya Haivuti Waya

Hoja iliyochapishwa ni hii: mgeni anayehamia kijijini Ufaransa anunue kompyuta mpya ya bei kali, kwani intaneti ya huko haitengenezeki, faiba ni ya watu wa Paris.

Haitengenezeki? Mwandishi huyo labda amelala tangu 2013, serikali ilipoanzisha mpango wa kusambaza intaneti ya kasi nchi nzima. Leo faiba imefika hata vijijini Creuse, jimbo lenye ng'ombe wengi kuliko watu, na mtandao wa zamani wa nyaya za simu za shaba umepangiwa kuzimwa wote kufikia 2030. Mwenye shaka aingize anwani yake kwenye ramani ya Arcep, mdhibiti wa mawasiliano. Ni bure.

Kichekesho ni dawa yenyewe. Nyumba iliyo kilomita tano kutoka kituo cha simu hupata megabiti chache tu kwa sekunde kupitia shaba. Kompyuta ya yuro 2,000 itazisubiri megabiti hizohizo, ila kwa kioo king'aavu zaidi! Tena kuta nene za mawe humeza Wi-Fi. Hapo waya wa mtandao hufanya kazi ambayo hakuna kompyuta itakayoifanya.

Na kompyuta ya zamani? Diski ya SSD huifufua. Kweli, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, lakini mfumo mbadala wa Linux haudai hata senti.