Ngazi ya Hewa

Mtazame mwewe adhuhuri juu ya Kirumba, Mwanza. Hupaa akizunguka pasipo kupiga bawa. Jua huipasha ardhi moto, hewa yenye joto hupanda, naye huikwea kama ngazi. Juu ya ziwa, penye ubaridi, ngazi hiyo hukatika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu Mwingereza, Colin Pennycuick, aliwafuata tumbusi wa Serengeti kwa eropleni nyepesi, akiizima injini yake ndogo angani. Mwaka 2003 Mjerumani Klaus Ohlmann, akibebwa na mawimbi ya upepo wa milima ya Andes, alisafiri kilomita 3,009 bila kutumia injini.

Basi mtoto akikodolea macho mwewe, tusimkemee kwamba ni mzembe. Huenda anasoma.