Mto wa Mvita Uko Wapi?

Juzi mpwa wangu, ambaye yumo katika gredi ya 7, alikuwa akijisomea kwa sauti barazani petu hapa Bondeni. Kitabu chake kilimweleza kwamba watu wa kale walijenga miji yao kandokando ya mito mikubwa: Wamisri kwenye mto Nile, na watu wa Iraki ya kale baina ya Dijla na Furati. Mito ikifurika huacha udongo wenye rutuba, mazao huzidi mahitaji, na hapo mji huzaliwa. Akakifunga kitabu, akaniuliza: "Mjomba, na sisi mto wetu uko wapi?"

Swali hilo lilinipendeza kuliko majibu yote anayokaririshwa. Kisiwa cha Mvita hakina mto hata mmoja. Iwapo kanuni ya kitabu ndiyo hiyo tu, basi mji wetu haukustahili kuwapo. Lakini Ibn Battuta alipofika hapa mwaka 1331 aliukuta mji wenye watu na misikiti. Aliandika kwamba wenyeji hawakulima nafaka bali waliletewa kutoka bara, kwamba chakula chao hasa kilikuwa ndizi na samaki, na kwamba penye milango ya misikiti palikuwa na visima vifupi ambavyo watu waliteka maji yake kwa chombo cha mti.

Visima hivyo ndivyo nusu ya jibu. Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe, nao una vitundu vingi visivyoonekana. Mvua hupenya mwambani na, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, hukaa juu ya maji ya chumvi bila kuchanganyika nayo upesi. Mchimba kisima wa zamani alilazimika kujua mahali pa kukomea. Akizidisha kina, au watu wakiteka kwa pupa, chumvi hupanda. Elimu hiyo haikuandikwa kitabuni, nayo ilihitaji akili si haba.

Nusu ya pili itamshangaza mwanafunzi: mto tunao, ila umezama. Yapata miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda kuwa barafu, bahari ilikuwa chini ya hapa ilipo kwa kiasi cha mita 120. Mito iliyotoka bara ilichimba mabonde marefu ikiifuata. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda na kuyameza mabonde hayo, yakawa mahori haya mawili yanayotuzunguka. Hadi leo mito ya Kombeni na Tsalu humwaga maji yake katika hori la Tudor, nao Mwache humwaga upande wa Port Reitz. Udongo wa mafuriko, kama ule Wamisri waliopewa na Nile, sisi hatukuupata. Tulipata bandari tulivu, ambamo majahazi yaliyoletwa na kaskazi yaliweza kungoja kusi yarejee kwao. Na jina la Kilindini, ambalo Wakilindini wa Thelatha Taifa wanaitwa kwalo, linatueleza wazi kina cha maji yale.

Sitaki nieleweke kwamba maumbile peke yake ndiyo yaliyoujenga mji. Wapokomo wa mto Tana wamelima mpunga na migomba kwa kufuata mafuriko, mfano wa Wamisri, wala hawakujenga miji ya mawe; ilhali Shanga, katika kisiwa cha Pate kisicho na mto, ilianza tangu karne ya 8, na kisima kikawa katikati yake. Mazingira hufungua mlango, lakini kuingia ni hiari ya watu. Hata Mvita isingedumu bila wakulima wa bara walioilisha.

Kinachonisikitisha ni kwamba ushahidi huu unapotea mbele ya macho yetu. Yalipokuja mabomba ya maji kutoka Mzima katika miaka ya 1950, visima vilianza kudharauliwa. Vingine vimefukiwa, vingine vimejengewa nyumba juu yake, na vingi vimeharibiwa na maji ya vyoo yanayopenya katika mwamba uleule. Kisha mifereji ikikauka, nasi tunaijua hali hiyo, wanyonge huvirejea visima hivyohivyo.

Walimu wenzangu huwaleta wanafunzi kutoka mbali kuitazama Ngome ya Yesu, wakahesabu mizinga na kuandika mwaka 1593. Ni vyema. Nawaomba waongeze saa moja tu: wawapitishe Mji wa Kale, wawaonyeshe kisima cha msikiti, wawateremshe hadi ukingo wa hori maji yakiwa yamekupwa, na wawaulize maji yale yametoka wapi. Mpwa wangu nimekwisha mpeleka. Alionja maji ya kisima, akakunja uso, akasema yana chumvi kidogo. Nikamwambia aandike hilo katika daftari lake.