Mchanga ni Haki ya Mkunga

Mama mmoja aliyehama Mombasa akakaa Theta, upande wa Juja, ametuletea swali. Mwanawe ana tangi la samaki sebuleni, na ndani yake yumo mkunga mdogo wa maji baridi, yule mwenye safu ya miiba mifupi mgongoni. Pua imechubuka, tumbo lina mikwaruzo, na chakula hali tena. Chini ya tangi zimetandazwa kokoto za rangi. Mama auliza: je, nduguze wamletee mfuko wa mchanga wa ufukweni?

Kufuga kwenyewe hakuna shaka. Abu Umayr, nduguye mdogo Anas bin Malik, alikuwa na kijindege chake, na Mtume (s.a.w.) akimtania mtoto huyo kwa kumuuliza habari zake. Wanazuoni wametoa humo ruhusa ya kufuga, kwa sharti la kutomdhulumu mnyama. Upande wa pili iko hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kwa samaki huyu, sisi twaona kumtupia chakula hakutoshi, kwani kitanda chake ni mchanga.

Jamii yake huishi Asia na katika maziwa yetu pia. Tanganyika ina aina zisizopatikana kwingineko. Mchana wengi wao hujifukia, ikabaki pua tu nje, na usiku hutoka kutafuta minyoo na viluwiluwi vya wadudu. Magamba yake ni madogo mno. Akijaribu kuzama kwenye kokoto, ute unaomkinga hutoka, ngozi huchanika, na kidonda huota ukungu. Asipoweza kujificha hukaa na khofu, na mwenye khofu hali.

Basi mchanga upi? Wa ufukweni usiletwe. Mbali na chumvi, una chembe nyingi za makombe na matumbawe, nayo ni chokaa inayoyabadili maji pole pole. Mchanga wowote utiwe siki kidogo. Ukitoa povu, haufai. Vumbi la mawe la kwari za Ndarugu, lililo jirani kabisa na mama huyu, nalo liachwe, maana punje zake zina makali. Unaofaa ni mchanga laini wa mtoni, punje zikiwa za mviringo. Unaouzwa huko kwa ujenzi mwingi hutoka Machakos, nao huja na udongo na vijiwe. Uchekechwe, kisha uoshwe kwa maji matupu, bila sabuni, hadi maji yatoke meupe. (Chekecheke ya unga isiguswe, tusije tukawasha moto jikoni.)

Kazi yenyewe yataka subira. Kwenye kokoto zile na kwenye kichujio wamo vijidudu wasioonekana, ambao huugeuza uchafu wa samaki usiwe sumu. Ukiondoa kila kitu kwa siku moja na kuosha kichujio, mkunga aweza kufa ndani ya tangi linalong'aa. Kichujio kisioshwe wiki hiyo, na kokoto kiasi zitiwe ndani ya soksi safi, ziachwe tangini wiki tatu au nne. Samaki awekwe kwenye ndoo ya maji yale yale ya tangi, ifunikwe vyema, kwani mkunga ni hodari wa kutoroka. Pampu izimwe, mchanga ushushwe kwa kikombe, kina cha sentimita 5 hadi 7. Maji ya bomba ya kuongeza yalazwe wazi usiku kucha klorini ipungue. Tangi litakuwa na ukungu siku moja au mbili, msishtuke. Baadaye mtoto apitishe vidole mchangani kila wiki, isije ikakusanyika hewa yenye harufu ya mayai viza.

Mama aliongeza kwamba jirani amemshauri amwachilie mkunga katika Mto Theta, apate uhuru wake. Hapana. Samaki mgeni hajui mipaka: sangara alipotiwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, aina nyingi za furu zilitoweka baadaye. Ikiwa mchanga hauwezekani, arudishwe kwa muuzaji au apewe mfugaji mwenye tangi la mchanga. Na mtoto ashirikishwe katika uamuzi huo, kwa kuwa samaki ni wake.