Iringi Haijauawa na Vijana, Imeuliwa na Viti

JAMANI, kila Desemba Kirua Vunjo kuna kesi moja haiishi: eti vijana wameua iringi. Safari hii kaianzisha bosi mmoja, mtu na heshima zake, kapanda kutoka Dar kula Krismasi nyumbani. Kwenye harusi ya mpwa wake akashika maiki, akawachamba watoto wa watu: hatua si zenyewe, mnachanganya na singeli, mnaaibisha ukoo. Watu wakapiga makofi.

Haya, hatua zenyewe ni zipi? Rosi, ngoma nyingine ya Wachaga, ilikuwa ya vita na ya wanaume tu. Leo vita vya wamangi viko wapi?  Huyo bosi kakua bila rosi ya vita na hakuna aliyemwambia kaua mila.

Wala si Uchagani tu. Hora, ile ngoma ya duara ya Israeli, Wayahudi walihama nayo kutoka Ulaya Mashariki, na Waromania wanayo ya kwao kwa jina hilohilo mpaka leo. Imevuka nchi, hatua zimebadilika, duara limebaki.

Duara ndiyo hoja yenyewe. Siku ile bosi alikodi kikundi kutoka mjini. Sare zimenyooka, hatua hazikosewi. Wageni kwenye viti, simu juu, wanarekodi. Bibi mmoja akainuka na mkongojo wake aingie kucheza, MC akamrudisha: "Mama, utawaziba wapiga picha."

Nyuma huko, karibu na mapipa ya mbege, wale vijana waliochambwa wakaanzisha iringi yao. Hatua ovyo, kweli. Lakini bibi alipofika wakapanua duara, akaingia, akaanzisha wimbo. Wakamwitikia, japo nusu ya maneno ya Kivunjo hawayajui.

Sasa nani muuaji? Anayekosea hatua atarekebishwa na aliye pembeni yake. Aliyekaa kwenye kiti harekebishwi na harekebishi mtu, anapiga makofi tu.

Bosi, Desemba ijayo hela ya kikundi nunulia mbege. Sogeza viti, vua koti, ingia. Ukikosea, vijana watakuonesha.

Wadau, mpo? Nani kaua iringi hapo? Dondosheni maoni, matusi hapana.