Wana gemu wa Mbeya, flashi haitoshi

Wadau mnaojifunza kutengeneza gemu, hizi folda za "gemu_mwisho" na "gemu_mwisho_kabisa" zitawaliza. Flashi ikipotea au ikiingia virusi, kazi ya miezi imekwenda na maji. Mimi nasema wekeni Git siku ya kwanza, kabla hata ya kuchora mhusika. Ni ya bure, Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005. Msisingizie bando: kila mnapoiagiza, inatunza hatua humo humo kwenye kompyuta bila intaneti. Mkiharibu leo, mnarudi jana. Wa Unity, iambieni iruke folda ya Library. Ni nzito na hujitengeneza upya. Mkipata mtandao, tumeni nakala GitHub. Hapo hata kompyuta ikiungua, gemu ipo. Au mnasemaje?