Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu wa Minnesota: Tuonyeshwe ufa kwanza

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu,

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Hapa Brooklyn Park na Brooklyn Center Wakenya tuko wengi, na wenzangu ninaotaka waisome barua hii hawatahitaji mkalimani. Ofisi yako haitakosa wa kuitafsiri.

Neno langu ni juu ya fanesi. Kwa ndugu watakaoisoma wakiwa Kisii au Nakuru: fanesi ni mtambo wa gesi unaokaa chini ya nyumba, unapasha hewa joto na kuisukuma vyumbani kupitia mabomba ya bati. Bila huo, nyumba ya Minnesota mwezi wa Januari haikaliki. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis iliamkia nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri, na kampuni ya Xcel Energy ikawaomba wateja wake wa gesi wapunguze joto majumbani, maana mfumo wa gesi ulikuwa umeelemewa.

Fanesi yangu ilizima usiku mmoja wa baridi, saa nane, nimetoka zamu ya jioni katika makao ya wazee. Nikashuka chini na tochi ya simu. Mtambo ulikuwa hai, ila haukai. Kafeni kadogo ka kutolea moshi kanavuma, kiwashio kinakuwa chekundu kama kaa la jiko, gesi inaingia, moto wa buluu unajipanga vizuri. Nahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kimya. Inajaribu tena, kimya tena. Mwisho ikagoma kabisa, kikabaki kitaa kidogo kinapepesa.

Kampuni ya kwanza kupokea simu ilitaka dola 189 za kuja tu, kwa kuwa ni usiku. Nikakubali. Bomba la jikoni nilikuwa nimeshaliachia lidondoke ili maji yasigande ndani yake. Kijana aliyekuja alikuwa mpole, amevisha viatu vyake mifuko ya plastiki asinichafulie zulia. Alikaa chini kama dakika kumi. Alipopanda aliniambia kwamba chuma kinachotenganisha moto na hewa tunayovuta kimepasuka, sumu itapanda vyumbani, na hawezi kuiacha fanesi ikiwaka. Akafunga gesi, akaning'iniza karatasi nyekundu, akafungua tableti yake. Fanesi mpya: dola 9,800. Kama sina, kuna malipo ya kila mwezi. Sahihi hapa.

Sumu yenyewe ni kaboni monoksaidi, na mimi sikuhitaji kuelezwa. Sisi tumekulia na jiko la makaa. Nani kwetu hajasikia habari ya watu walioingiza jiko chumbani kwa sababu ya baridi, wakafunga dirisha, wasiamke asubuhi? Haina harufu wala moshi. Mtu akikutajia kitu hicho saa tisa usiku, watoto wako wamelala ghorofani, huulizi bei. Unatafuta kalamu.

Kilichoniokoa ni hesabu. Nalipwa dola 20 kwa saa, kwa hiyo dola 9,800 ni saa 490: wiki 12 za kazi na ushee, kabla ya kodi, kabla ya mkopo wa nyumba, kabla ya karo niliyoahidi nyumbani. Nikamwambia nitapiga simu asubuhi. Tukalala wote chumba kimoja na hita ya umeme. Kengele ya kugundua sumu, ile ambayo sheria ya Minnesota inataka iwe ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala, ilikuwa ukutani muda wote huo, taa yake kijani. Kijana hakuitupia hata jicho.

Asubuhi akaja mzee tunayesali naye, fundi wa kazi hizi miaka mingi. Alichomoa kijiti cha chuma, chembamba kuliko penseli, kinachokaa mbele ya moto. Kazi ya kijiti hicho ni kuuarifu mtambo kwamba moto umeshika. Kikipata utando hakihisi kitu, na mtambo unafunga gesi wenyewe kwa usalama. Akakisugua kwa stilwaya, ile ya kusugulia sufuria, akakirudisha. Nikahesabu hadi ishirini. Moto ukakaa, feni kubwa ikaamka. Kisha akaingiza kamera ya waya ndani ya kile chuma kilichodaiwa kupasuka, tukakikagua pamoja kwenye simu yake, kona kwa kona. Ufa haukuwepo. Akaweka kipimo kwenye matundu ya hewa ya vyumba: sifuri. Alinitoza dola 120 na kikombe cha chai. Fanesi hiyo imeshamaliza misimu mitatu ya baridi.

Sikuandikii kulalamikia bei, Mheshimiwa. Mwaka uliofuata mota ya feni iliungua. Fundi wa kampuni nyingine aliitoa, akanipa niizungushe kwa mkono, imekwama kabisa. Dola 870, nikalipa bila kinyongo. Ukiuliza kanisani na kazini utasikia bei zinazokaribiana: fundi kuja mchana wa siku ya kazi, dola 80 hadi 200, kijiti kama changu kusafishwa au kubadilishwa, 100 hadi 250, kiwashio, 150 hadi 400, mota ya feni, 500 hadi 1,500, zile za kisasa zikiwa juu. Bei ya spea yenyewe mara nyingi ni ndogo. Unalipia gari, bima, ujuzi, na mtu kuacha kitanda chake usiku wa baridi. Hilo halina ubishi.

Kisha kuna kile chuma, na hapo ndipo pana jambo ambalo sikuambiwa. Viwanda vingi hukipa dhamana ndefu kuliko kifaa kingine chochote cha fanesi, mara nyingi miaka 20 au zaidi, ingawa mnunuzi wa pili wa nyumba anaweza kuwa amepunguziwa. Ufundi utaulipia mwenyewe, nao si wa bei ndogo, lakini chuma kinaweza kuja bure. Namba ya kuulizia imo kwenye kibandiko ndani ya mlango wa fanesi. Anayekuambia kimepasuka alipaswa kukusomea kibandiko hicho kabla ya kufungua tableti.

Vyuma hivyo hupasuka kweli, na sumu huua kweli. Sitaki fundi aogope kufunga mtambo mbovu. Ninachotaka ni kwamba akiufunga, aache maandishi: picha ya ufa, kipimo cha hewa alichopata, na bei ya kutengeneza kando ya bei ya kununua mpya. Na sahihi ya fanesi mpya isichukuliwe usiku ule ule kabla mwenye nyumba hajapata nafasi ya kumwita fundi wa pili. Najua hutungi sheria, kazi hiyo ni ya wabunge wa St. Paul. Lakini sheria ya kuwalinda wanunuzi dhidi ya udanganyifu iko mikononi mwako, na ukitamka, kampuni husikia.

Jimbo hili limeshakubali kwamba joto si anasa. Kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili kampuni ya gesi haimkatii mteja aliyekubaliana nayo mpango wa malipo na anayeutimiza. Lakini gesi ikiwepo na fanesi ikiwa imefungwa kwa karatasi nyekundu, baridi ni ile ile.

La mwisho si la ofisi yako, ni la Idara ya Biashara, ila mko serikali moja. Mpango wake wa msaada wa nishati unaoanza kila Oktoba una fungu la kutengeneza au kubadilisha fanesi za wenye nyumba wa kipato cha chini. Nimeishi hapa miaka tisa bila kulijua. Nilipolitaja kanisani, mama mmoja aliinuka akatoka nje. Alikuwa bado analipa mkopo wa fanesi aliyowekewa Februari, na hana hakika hadi leo kama ya zamani ilikuwa mbovu, maana waliondoka nayo.

Karatasi yangu nyekundu ninayo. Ina tarehe na sahihi, na mahali pa kueleza sababu pameandikwa "si salama", basi. Ofisi yako ikiihitaji nitaileta, siku yoyote nisiyo na zamu.

Wako,
Mwenye nyumba, Brooklyn Park