Tunawakataza chenga, kisha tunanunua mawinga nje

JUMAMOSI moja asubuhi, kwenye uwanja wa mchangani hapa Dar es Salaam, nilimwona dogo wa miaka kama 13 akicheza winga ya kulia. Alipokea mpira, akamsogelea beki, akadanganya anaingia ndani, akatokea nje. Beki akabaki amekaa chini. Watu waliokuwa wamekalia matofali pembeni wakasimama wote.

Dogo akamfuata beki wa pili. Huyu hakudanganyika, akaupora mpira. Kabla mpira haujafika hata katikati ya uwanja, kocha alikuwa ameshaita namba yake. Akatolewa, huku kocha akifoka kwamba anataka pasi, hataki sarakasi.

Yule dogo alikaa benchi akiwa amefunika uso kwa jezi. Nina wasiwasi kwamba siku hiyo tulipoteza winga, na wala hatukujua.

Maana kila dirisha la usajili likifunguliwa, mjadala wa vijiweni ni ule ule. Timu inataka winga, na siyo winga wa kukimbia tu, bali anayeweza kumtoka mtu. Majina yanayotajwa karibu yote yanatoka nje. Simba na Yanga zimefaidi miguu ya Bernard Morrison wa Ghana, Luis Miquissone wa Msumbiji, Pacome Zouzoua wa Ivory Coast na Ellie Mpanzu wa DR Congo.

Sina ugomvi na wageni. Wamekuja, wamecheza, tumepiga makofi. Swali langu ni moja tu: kwa nini kitu ambacho kila mtoto wa Kitanzania anakifanya uchochoroni na mpira wa makaratasi, akifika kwenye timu anakuwa hana tena?

SIRI IKO MIGUUNI KWA BEKI

Wengi wetu tukiangalia chenga tunakodolea miguu ya mwenye mpira. Siri haiko pale. Iko kwenye miguu ya beki.

Mwili wa mtu ukishaanza kwenda upande mmoja, hauwezi kugeuka papo hapo. Lazima mguu utue chini, usimamishe mwendo, ndipo usukume kwenda upande wa pili. Kazi yote hiyo inachukua sehemu ndogo sana ya sekunde. Winga mzuri anaishi ndani ya muda huo mdogo.

Ndiyo maana chenga ya mwili haihitaji maajabu. Bega linashuka, kiuno kinayumba, macho yanaangalia upande ambao huendi. Beki akihamisha uzito tu, kazi imekwisha. Unapitia ule upande alioupa mgongo.

Juni 19, 1974, mjini Dortmund, Johan Cruyff alimfanyia hivyo beki wa Sweden, Jan Olsson, kwenye Kombe la Dunia. Alijiweka kama anayetaka kupiga krosi kwa mguu wa kulia. Olsson akaamini, akaenda kuzuia. Cruyff akauvuta mpira kwa ndani ya mguu ule ule, akaupitisha nyuma ya mguu aliosimamia, akageuka na kuondoka zake.

Mechi ile iliisha 0-0. Hakuna anayeikumbuka kwa matokeo, ila chenga ile hadi leo inaitwa kwa jina la Cruyff. Na Olsson hakuwa beki mbovu. Alifanya kile ambacho beki yeyote makini angefanya akiona krosi inakuja. Chenga inamnasa beki anayefikiri.

BEKI ANAJUA, NA BADO ANAPITWA

Kuna wanaosema chenga ikizoeleka haifanyi kazi tena. Historia inawakatalia.

Stanley Matthews wa England, mshindi wa kwanza wa Ballon d'Or mwaka 1956, alijulikana kwa chenga moja kubwa: anaegemea ndani, anatokea nje. Alicheza Ligi Daraja la Kwanza ya England hadi akiwa na miaka 50. Garrincha, aliyebeba Kombe la Dunia na Brazil mwaka 1958 na 1962, naye alisifika kwa kutokea upande ule ule wa kulia. Arjen Robben kila mtu alijua ataingia ndani na mguu wa kushoto.

Beki alijua nini kinakuja. Asichojua ni lini.

Hapo ndipo vijana wetu wanapokosea. Anaangalia video kwenye simu, anakariri chenga 20, anafika uwanjani anazungusha miguu juu ya mpira mara nne akiwa mita tano kutoka kwa beki. Umbali huo beki hana haja ya kuamua chochote. Anasimama, anasubiri, mwisho anauchukua mpira kiulaini.

Chenga inafanya kazi ukiwa karibu kiasi kwamba beki anahisi akinyoosha mguu ataupata, lakini mbali kiasi kwamba hataufikia. Hatua moja na nusu hivi. Ukimfikia hapo ukiwa unamkimbilia, analazimika kuamua. Ukimfikia karibu na boksi, anaamua huku akiogopa penalti. Na beki mwenye hofu ni rahisi kumpoteza maboya.

Jambo la pili ni kasi. Dogo zetu wengi wanakwenda kwa beki kwa kasi kubwa na kumpita kwa kasi ile ile, kama wanapita. Mafundi wanafanya kinyume. Wanamfikia taratibu, wanadanganya, kisha zile hatua mbili za kwanza baada ya uongo wanazipiga kama wamekanyaga moto. Bila hatua hizo mbili, umemdanganya beki halafu ukamsubiri arudi.

Mfano wa karibuni ni Lamine Yamal. Julai 9, 2024, nusu fainali ya Euro dhidi ya Ufaransa, zikiwa zimebaki siku nne atimize miaka 17. Mbele yake alikuwa Adrien Rabiot. Akayumbisha mwili, akausogeza mpira kushoto kidogo tu, akapiga kwa mguu wa kushoto. Mpira ukagonga mwamba, ukaingia. Hakuwa na haja ya kumlaza Rabiot chini. Alihitaji nafasi ya kupiga shuti, akaipata.

CHENGA HUFUNDISHWA

Tuna imani moja mbaya, kwamba chenga ni kipaji na mtu huzaliwa nayo. Basi asiyezaliwa nayo tumwachie pasi.

Ile chenga ya Ronaldinho ya kuutoa mpira nje na kuurudisha ndani kwa mguu mmoja, Wabrazil wanaijua ukoo wake. Kabla yake aliifanya Rivellino. Na Rivellino mwenyewe alisema aliichukua kwa Sergio Echigo, mwenzake pale Corinthians. Mtu alimwona mtu, akauliza, akajifunza. Ni kama fundi cherehani anavyompa ujuzi kijana wake wa dukani.

Mholanzi Wiel Coerver, aliyeipa Feyenoord Kombe la UEFA mwaka 1974, alikwenda mbali zaidi. Alikaa na filamu za mafundi, akazikata chenga zao kipande kwa kipande, akatengeneza mazoezi ya watoto. Kwanza peke yako na mpira, polepole. Kisha mbele ya beki anayesimama tu. Kisha beki anayekaba nusu nguvu. Mwisho vita kamili, mmoja kwa mmoja.

Hakuna kitu hapo kinachohitaji bajeti ya Ulaya. Ni mpira, koni mbili na dakika 20. Mpe mtoto chenga mbili tu, moja ya kutokea nje na nyingine ya kuingia ndani, zianze kwa mwonekano mmoja. Beki akizuia ya kwanza, ameshafungua mlango wa ya pili.

KOCHA NAYE ANA HOJA

Tusiwaonee makocha. Mchezaji akinyang'anywa mpira katikati ya uwanja wakati wenzake wamepanda, ni kaunta na pengine bao. Nimeona mechi za ndondo zikipotea hivyo, na mashabiki wakimsubiri kocha getini, siyo mchezaji.

Lakini dawa yake ni kumwonyesha dogo wapi pa kupiga chenga. Kwenye theluthi yetu, marufuku. Katikati, ukiwa huna pasi. Theluthi ya mwisho, pembeni, ukiwa umebaki na beki mmoja, ni wajibu wako ujaribu. Ukipoteza pale, adui ana uwanja mzima wa kukimbia.

Na lazima ajaribu, kwa sababu timu ikipaki basi, pasi za kuzunguka peke yake haziwafungui. Winga akimtoka mmoja, wa pili anatoka kwenye nafasi yake kuja kuziba. Wa tatu anasogea kumfunika wa pili. Hapo ndipo straika anabaki huru, na krosi ya kawaida kabisa inakuwa bao.

Kwenye AFCON ya Ivory Coast, Januari 2024, Taifa Stars ilicheza mechi tatu na kufunga bao moja, la Simon Msuva dhidi ya Zambia. Sisemi ni chenga tu iliyokosekana. Nasema mechi kama zile zinahitaji mtu wa kuvunja ukuta mwenyewe, na mtu huyo hatengenezwi kambini kwa wiki mbili. Anatengenezwa akiwa na miaka 13.

Februari 23, 2021, Miquissone aliifunga Al Ahly bao pekee kwa Mkapa. Mwaka huo huo Al Ahly wakaja na fedha wakamchukua. Waarabu wale walijua thamani ya mtu anayesumbua mabeki, maana aliwasumbua wao. Sisi tunaye wa kwetu, tunamtoa dakika ya 30 kwa sababu amepoteza mpira mmoja.

Kocha wa yule dogo, kama unasoma hapa, mrudishe winga ya kulia Jumamosi ijayo. Chenga ya kwanza ilikuwa safi kabisa. Ya pili aliiwahisha, beki alikuwa bado hajahamisha uzito. Mwambie hivyo, kisha mwambie ajaribu tena.